Njaa iliyopimwa chini ya uwanja wa mpira mjini Minneapolis

Mtu akikuambia kwamba njaa hukaa tumboni, usimbishie sana, lakini pia usimkubalie moja kwa moja. Nusu karne kabla ya sayansi kuzipa majina baadhi ya homoni zinazoamsha na kutuliza hamu ya chakula, vijana 36 wa Kimarekani walikubali kukaa na njaa kwa miezi sita ili wachunguzwe. Maabara yenyewe ilikuwa chini ya majukwaa ya Memorial Stadium, uwanja wa mpira wa Chuo Kikuu cha Minnesota, mjini Minneapolis. Uwanja huo ulibomolewa mwaka 1992, lakini yaliyoandikwa humo yanasomwa hadi leo.

Jaribio lilianza Novemba 1944, vita vikiendelea. Leningrad ilikuwa imekwisha kuzika maelfu kwa maelfu waliokufa kwa njaa, na Uholanzi ilikuwa ikiingia katika majira ya baridi ambayo watu wake wangeyakumbuka kwa ukosefu wa chakula. Afrika nako, Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa ya Ruzagayura ya mwaka 1943 na 1944, ingawa hiyo haikutajwa sana katika mikutano ya wakubwa. Swali lilikuwa moja: vita vikiisha, watu waliokonda hivi walishweje? Mtaalamu wa fiziolojia Ancel Keys, ambaye alikwisha shiriki kubuni mgao wa chakula wa askari wa Marekani uliojulikana kwa herufi K, aliona kwamba jibu la kisayansi halikuwapo.

Waliojitolea walikuwa watu waliokataa kushika silaha kwa sababu ya imani na dhamiri, wengi wao kutoka makanisa ya amani kama vile ya Wamennonite na Wakweka. Serikali iliwapangia kazi za kiraia badala ya jeshi. Kwao, kufa njaa nusunusu kwa ajili ya wageni wa ng'ambo kulikuwa njia ya kutumika bila kuua.

Kwa majuma 12 ya kwanza walikula vizuri, kiasi cha kalori 3,200 kwa siku. Februari 1945 chakula kilipunguzwa hadi nusu hivi, takriban kalori 1,570, katika milo miwili: viazi, kabichi, makaroni, mkate mweusi, yaani vyakula vya Ulaya iliyokuwa vitani. Juu ya hayo, kila mmoja alitakiwa kutembea kilomita 35 kwa juma. Baada ya majuma 24 walikuwa wamepoteza karibu robo ya uzito wao.

Ila uzito ndio uliotarajiwa. Lililowashangaza wachunguzi ni mabadiliko ya akili na tabia. Watu wenye elimu walilamba sahani. Walisoma vitabu vya mapishi kama wengine wasomavyo riwaya, na wengine wakaanza kuvikusanya. Walikaa na chakula kile kidogo kwa muda mrefu, wakikichanganya na maji ili kionekane kingi. Chingamu na kahawa vilitumiwa mno hata vikawekewa mpaka. Mazungumzo ya siasa na dini yalififia, hamu ya mapenzi ikatoweka, na katika joto la Julai walilalamika baridi. Mapigo ya moyo yalipungua. Baadhi walishindwa kujizuia wakala kwa siri, na ni 32 tu waliofika mwisho.

Je, nini kilikuwa kikitokea? Mwaka 1953 mwanasayansi Jean Mayer alitoa nadharia kwamba ubongo huipima sukari katika damu, na kwamba matumizi yake yakipungua, njaa huja. Nadharia hiyo ina ukweli wake. Mgonjwa wa kisukari aliyejidunga insulini kupita kiasi anaijua ile njaa kali inayoambatana na jasho na kutetemeka. Lakini sukari haitoshi kueleza njaa ya miezi sita, kwa sababu mwili huilinda kwa wivu: ini hutoa akiba yake, kisha nyama ya misuli yenyewe huvunjwa ili sukari itengenezwe. Mtu hukonda, na damu yake bado ina sukari ya kumweka hai.

Jibu jingine lilikuja mwaka 1994, pale Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York walipogundua leptini, homoni inayotolewa na mafuta ya mwili. Mafuta yakipungua, leptini nayo hushuka, na sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, haipothalamasi, huisoma habari hiyo kama tangazo la hatari. Hapo huongeza njaa, hupunguza joto la mwili na huahirisha uzazi. Mtu akiisoma orodha hiyo kando ya malalamiko ya vijana wa Minneapolis, anaona ni maelezo yale yale. Mwaka 1999 watafiti wa Kijapani wakaongeza grelini, ambayo hutoka zaidi tumboni na hupanda kabla ya mlo. Kwa hiyo tumbo lina sauti yake, lakini hakimu yuko kichwani.

Yapasa kutaja kwamba jiji hilo hilo lilichangia tena. Mwaka 1984 Allen Levine na John Morley, wakifanya kazi katika hospitali ya maveterani ya Minneapolis, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba kemikali ya ubongo iitwayo nyuropeptidi Y ikitiwa katika ubongo wa panya, panya hula pasipo kiasi. Leo tunajua kwamba leptini huizuia kemikali hiyo, na grelini huichochea.

Somo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilitoka katika kipindi cha kuwalisha upya. Keys alidhani nyongeza ndogo zingetosha. Hazikutosha, na vitamini na protini za ziada hazikusaidia kitu cha maana. Alihitimisha kwamba mtu mzima aliyedhoofika hivyo anahitaji kalori zipatazo 4,000 kwa siku kwa miezi kadhaa. Walipoachiwa wale watakavyo, walikula hadi tumbo likauma na bado wakasema wana njaa; mmoja alilazwa hospitalini baada ya kula kupita kiasi. Mwaka 1997 Abdul Dulloo na wenzake nchini Uswisi walizichambua upya takwimu za jaribio hilo na kuona kwamba hamu haikutulia mafuta yaliporudi. Iliendelea mpaka misuli nayo iliporejea, na kufikia hapo mafuta yalikuwa yamekwisha kuzidi kiwango cha awali. Anayejinyima chakula ili apungue, kisha akanenepa kuliko mwanzo, mara nyingi huitwa mvivu au mlafi. Takwimu hizi zinamtetea.

Kitabu kamili cha Keys, chenye juzuu mbili, kilitoka mwaka 1950, wakati wenye njaa wa Ulaya walikwisha kupona au kuzikwa. Ni kijitabu kifupi tu cha mwaka 1946 kilichowawahi wafanyakazi wa misaada. Wale vijana walipohojiwa wakiwa wazee, mwaka 2003 na 2004, walitofautiana kuhusu muda uliowachukua kurudia hali yao ya kawaida. Wengine walisema miezi miwili. Wengine, miaka miwili.