Jiwe Lililosimama na Jiwe Lililosimikwa

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda Rumonge kwa njia ya ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, akisha kwenda kilomita 12 hivi, hufika Mugere. Hapo pana mwamba mkubwa uliochorwa majina ya Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wengi hudhani kwamba ndipo walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji. Mugere walipita tu, katika safari ya kuchunguza kaskazini ya ziwa, ambako walihakikisha kuwa mto Rusizi huingia ziwani wala hautoki humo.

Sisi walimu wa lugha tuna swali letu: jiwe kama hili tuliite nini? Vitabu vya historia hutaja “megalithi”, neno lenye asili ya Kiyunani, maana yake jiwe kubwa. Kwa maana hiyo hata mwamba wa Mugere ungestahili jina hilo, ingawa hakuna mtu aliyeusimamisha. Neno hilo lataja ukubwa, lakini laficha mkono wa binadamu.

Tulinganishe na Lothagam, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya. Huko wafugaji wa kale, yapata miaka 5000 iliyopita, walisimamisha nguzo za mawe penye makaburi yao. Watafiti waliotoa taarifa mwaka 2018 walikadiria kuwa hapo walizikwa watu wasiopungua 580. Watu hao hawakuacha maandishi. Tendo lao la kusimamisha mawe ndilo ushuhuda wao.

Tendo hilo Kiswahili kina neno lake: kusimika. Mlima husimama wenyewe, bali nguzo husimikwa, mlingoti husimikwa, na mtawala naye husimikwa. Jirani yetu Kirundi chasema gushinga; ndipo lilipotoka jina la mushingantahe, mwamuzi wa mambo, yaani asimikaye fimbo ya haki.

Basi, twaonelea kuwa mawe ya aina ya Lothagam yaitwe “mawe ya kusimikwa”, na la Mugere libaki kuwa mwamba wenye maandishi. Mwamba huu wajulikana kwa majina ya wageni wawili waliopita. Wale waliosimika mawe kwa jasho lao majina yao yamepotea. Tusiwanyime na kitenzi chao. Mwalimu wa Rumonge aweza kuanza somo lake kwa vitenzi hivi viwili, kusimama na kusimika, kisha ndipo afundishe tarehe.