Mawe ya Engaruka
Wako wanaofundisha kana kwamba historia ya nchi yetu ilianza siku wageni walipofika na kalamu. Magofu ya Engaruka, wilayani Monduli, yanawakanusha.

Hapo, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, tangu karne ya 15 hadi ya 18, waliishi wakulima katika vijiji saba vilivyojengwa juu ya matuta ya mawe mteremkoni. Kwa kuwa mvua ni haba, waliyachepusha maji ya mito kwa mifereji, wakayaongoza katika mashamba yenye kingo za mawe, yaliyoenea karibu hekta 2,000. Baadhi ya kingo zilikamata tope lililochukuliwa na maji, hata udongo wa kulimia ukajengeka. Humo walipanda mtama. Louis Leakey aliyachunguza magofu hayo mwaka 1935.

Maji machache hayagawiki pasipo mapatano, wala mfereji haudumu pasipo watu wa kuuzibua. Wakulima hao hawakuacha maandishi. Waliacha ushahidi wa utaratibu. Basi mwalimu wa historia, hata iwe ya Kanisa, asianze na ukurasa mtupu.