Dhamana ya Fundi wa Umeme

Mtu anayejenga nyumba kwa jasho la miaka mingi humchagua seremala kwa kuitazama milango aliyokwisha kuitengeneza, na humchagua mwashi kwa kupita mbele ya kuta alizozisimamisha. Lakini kazi ya fundi wa umeme, ikiisha, hufunikwa kwa lipu na dari, na mwenye nyumba akalala chini ya jambo asiloliona. Kwa sababu hiyo, kumtaka fundi huyo aonyeshe leseni yake, na kumwuliza ni nani atakayelipa endapo kazi yake italeta madhara, ni haki ambayo wanadamu waliipata kwa kupoteza roho na mali, na asili yake yastahili kujulikana na kila mwenye kukabidhi nyumba yake mikononi mwa mwingine.

Waliotangulia kuingiwa na hofu ya nyaya walikuwa watu wa bima ya moto, kwa kuwa wao ndio waliolipa thamani ya majivu. Mwaka 1881, taa za umeme zilipokuwa bado ni ajabu mpya, bodi ya watoa bima wa New York iliweka masharti ya namna ya kuzitandaza nyaya majumbani. Na mwaka uliofuata, huko London, Musgrave Heaphy, mhandisi wa kampuni ya bima ya Phoenix, aliandika kanuni zake, ilhali jumuiya ya wahandisi wa telegrafu na umeme nayo ilitoa za kwake, kwa kusudi lililo wazi la kuzuia moto utokanao na taa hizo. Hivyo bima na ukaguzi wa ufundi ni mambo yaliyozaliwa pamoja, na atakayevitenganisha leo, akauliza habari za kimoja na kukiacha kingine, amekata shina katikati.

Mwaka 1893 mji wa Chicago ulifanya maonyesho makubwa ya dunia, ambamo taa ziliwashwa kwa wingi ambao macho ya watu yalikuwa hayajapata kuuona, na nyaya zikapitishwa ndani ya majengo ya muda yaliyotiwa plasta iliyochanganywa na nyuzi za mimea, vitu viwezavyo kushika moto kwa cheche moja. Wenye bima, walipoitambua hatari hiyo, walimtuma kijana mhandisi wa umeme kutoka Boston, William Henry Merrill, akague. Naye aliona kwamba maneno ya muuza waya hayatoshi kuwa ithibati ya waya wenyewe, na mwaka 1894 akaanzisha maabara ya majaribio iliyokuja kujulikana kwa jina la Underwriters Laboratories. Wakati huo kanuni zilizotumika Marekani zilikuwa tano, zikikhitilafiana, hata jambo lililokuwa halali kwa mmoja likawa kosa kwa mwingine. Wakuu wa fani wakakutana New York mwaka 1896, na mwaka 1897 ikatoka kanuni moja ya taifa, ambayo hurekebishwa na kutumika hadi sasa.

Lakini kanuni haishiki koleo. Mwaka 1891, katika mji wa St. Louis, mafundi wachache waliungana kuunda chama, wakamchagua Henry Miller, fundi wa nyaya aliyesafiri mji kwa mji, awe rais wao wa kwanza. Nao walidai mafunzo na ulinzi, maana vijana wengi walipandishwa nguzoni pasipo kufundishwa, na makampuni ya bima yaliogopa kuwapokea. Miller mwenyewe alipigwa na umeme kazini huko Washington mwaka 1896, akaanguka, akafariki. Basi asidhani mtu kwamba leseni ni mzigo waliotwishwa mafundi na wasioijua kazi yao. Mafundi walikuwa miongoni mwa waliolilia elimu ya lazima. Hatua kwa hatua mitihani na leseni viliwekwa na sheria, na hata leo huko Marekani majimbo mengine huzitoa yenyewe, na mengine huiachia miji na wilaya.

Kwetu Afrika Mashariki, Wajerumani walileta umeme Dar es Salaam mwaka 1908 kwa ajili ya karakana za reli, na mwaka huohuo biashara ya umeme ilianza Mombasa na Nairobi, hata makampuni ya miji hiyo miwili yakaungana mwaka 1922. Wengi wa mafundi wetu walijifunza kwa kusimama kando ya waliowatangulia, na ujuzi wa namna hiyo haudharauliki. Ila shahada yake ilikuwa ulimi wa jirani, na ulimi wa jirani haufiki mbali. Leo Tanzania Bara leseni hutolewa kwa madaraja na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, na Kenya hutolewa na mamlaka yake ya udhibiti wa nishati na petroli, yaani EPRA.

Hata hivyo imezuka desturi mbaya: asiye na leseni hufanya wayaringi nyumba nzima, kisha huenda kununua muhuri wa mwenye leseni ambaye hakuikanyaga nyumba hiyo. Muhuri wa namna hiyo ni ushahidi wa uongo. Kwa hiyo, mwenye nyumba, soma jina, daraja na tarehe ya mwisho ya leseni; uliza mamlaka iliyoitoa kama ni ya kweli, na kama daraja hilo lairuhusu kazi uitakayo; hakikisha atakayetia sahihi ndiye atakayeisimamia kazi. Kisha taka cheti cha bima, uulize kampuni yenyewe kama muda wake haujapita, na kama inawafidia vibarua watakaoumia na jirani atakayeunguliwa.

Fundi mwaminifu haoni haya kuulizwa hayo, kwa sababu leseni yake ni matunda ya taabu yake, nayo humtenga na wadanganyifu wanaomharibia soko na jina. Anayekasirika akiulizwa, mwache aende zake, hata ikiwa ujira wake ni nusu ya wenzake. Na anayeonyesha karatasi zake kwa utulivu, mlipe haki yake kamili bila kumpunja.