Neno Lina Mambo: Yoga

Juzi gulioni Mang'ola, Karatu, katikati ya magunia ya vitunguu, kijana alimwona mgeni kajikunja kando ya gari. “Anapiga yoga huyo!” Nusu kapatia. Neno ni la Kisanskriti, shina lake *yuj*, kufunga nira. Wakulima wa Karatu wanaolima kwa maksai watalielewa upesi kuliko sisi wa mjini. Patanjali, mwalimu wa kale wa India, aliieleza yoga kuwa ni kutuliza misukosuko ya akili. Hata *asana*, tunayoiita pozi, asili yake ni kukaa tu: mwili utulie, akili ipate pa kutua. Kunyoosha viungo peke yake ni mazoezi. Wala usiseme “kunyamazisha” akili. Aliyenyamazishwa bado ana la kusema. Sema kutuliza, kama maji ya mtungini yakiachwa tope lishuke.