Walimu wa Wakunga wa Ng'ambo ya Ziwa

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo ya leo twapenda kuwasimulia habari za wanawake wawili wa Ulaya waliofundisha uuguzi na ukunga katika nchi ya Uganda. Huenda msikilizaji aliye Bariadi au Itilima atauliza, Habari za Mengo na Nsambya zatuhusu nini sisi watu wa Simiyu? Twajibu kwamba zatuhusu sana. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, nao unao Wasukuma walio wengi, unao Wataturu na Wahadzabe upande wa Meatu, tena unao wageni walioletwa na pamba na biashara. Watoto wa watu hawa wote wakiingia chuo cha uuguzi huketi pamoja. Walianza kusoma kwa Kiswahili, sasa hufundishwa kwa Kiingereza, na siku wapelekwapo wodini humkuta mama mzee ambaye hueleza maumivu yake kwa Kisukuma tu. Je, mwalimu wao awafundisheje hata mgonjwa yule apone? Swali hili liliwasumbua wengine zamani, nasi yafaa tujue walilijibuje.

Bibi Katharine Timpson, mwuguzi kutoka Uingereza, alifika Mengo mwaka 1897 pamoja na Daktari Albert Cook na wenzao wa Church Missionary Society. Walitoka pwani kwa miguu, kwa maana reli ilikuwa bado haijafika Ziwani. Mwaka huo huo walianza hospitali, na mwaka 1900 yeye na daktari wakaoana. Mwaka 1902 radi ilipiga hospitali ikateketea, wakajenga tena.

Miaka ikapita, na serikali na wamisioni wakaingiwa na hofu juu ya vifo vya watoto wachanga na ugonjwa wa kaswende. Ndipo Bibi Cook alipoanza shule ya kufundisha wasichana ukunga, baada ya Vita Kuu ya kwanza kwisha. Shule ile iliitwa kwa jina la Lady Coryndon, mke wa Gavana wa siku zile. Wasichana waliomaliza mafunzo walipelekwa mashambani kukaa katika nyumba ndogo za uzazi, mbali na daktari, na hapo uhai wa mama na mtoto ulikuwa mikononi mwa msichana mmoja tu.

Kwa sababu hiyo Bibi Cook aliona kwamba haifai msichana kukariri maneno asiyoyaelewa. Yeye na mumewe waliandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Sisi tufundishao walimu twaijua kazi ya namna hiyo. Si kugeuza maneno tu. Mwandishi lazima apate jina la kila kiungo na kila hatari, jina ambalo msichana atalitamka bila kubabaika mbele ya mama aliye katika uchungu. Hapa kwetu mwanamke akisema ana mchango, mwanafunzi aliyesoma vitabu tu aweza kuandika minyoo akapita, kumbe mama anasema habari ya tumbo la uzazi. Mwalimu asiyejua lugha ya mgonjwa hawezi kumsahihisha mwanafunzi huyo.

Hata hivyo twaona upungufu katika mpango wake, wala hatutauficha. Kwanza, Kiganda kilimfaa Mganda, lakini msichana aliyezaliwa katika lugha nyingine ilimpasa ajifunze Kiganda kabla ya kujifunza ukunga. Pili, shule ilitaka wasichana wajuao kusoma, wa nyumba za Kikristo, nao walilindwa kwa amri kali, maana wazazi waliogopa kuwaacha binti zao wakae mbali na nyumbani. Basi wanawake watu wazima waliozalisha vijijini tangu zamani hawakuwa na nafasi humo. Walikuwa na mambo ya kujifunza, ndiyo, hasa habari ya usafi. Lakini walikuwa na jambo moja ambalo msichana wa miaka kumi na minane hana kabisa, nalo ni kuaminiwa na wenye nyumba.

Katika Tanganyika mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Misheni ya African Inland ilianza kazi Kolandoto, karibu na Shinyanga, mwaka 1913, na katika miaka ya 1920 serikali ilianza kufundisha madresa wa zahanati za wenyeji. Madresa hao walikuwa wanaume. Waliosha vidonda na kugawa dawa vizuri, bali mama mjamzito hakuwa tayari kumwendea dresa.

Turudi Uganda, tumtazame Mama Kevina. Jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney, naye alizaliwa Ireland mwaka 1875. Alifika Nsambya mwaka 1903 pamoja na masista wenzake watano, na yasimuliwa kwamba wagonjwa wa kwanza waliwatibu chini ya mwembe. Yeye alikutana na kizuizi ambacho Bibi Cook hakukijua. Sheria ya Kanisa lake iliwazuia watawa kufanya kazi ya udaktari na ya ukunga, na ruhusa haikutoka Roma mpaka mwaka 1936. Mama Kevina hakungoja. Mwaka 1921 alianzisha shule ya wauguzi na wakunga Nsambya pamoja na Daktari Evelyn Connolly, mwanamke asiyekuwa mtawa wakati ule, ambaye sheria ile haikumfunga.

Mwaka 1923 alianzisha shirika la masista Waafrika, Little Sisters of St Francis. Jambo hili kwetu ni kubwa kuliko majengo yote aliyoyajenga. Mwanafunzi mgeni akifika chuoni aogopa mambo mengi, naye humtazama mwalimu wake aone kama mtu wa namna yake aweza kusimama mahali pale. Uganda ilipoanza kuwa na masista weusi waliofundisha na kuuguza, msichana wa kijijini alipata wa kumtazama.

Mama Kevina alifariki Marekani mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 82. Watu wa Uganda hawakukubali alale mbali nao, wakaomba mwili wake urudishwe. Uliletwa, ukazikwa Nkokonjeru, palipo nyumba ya masista aliowalea.