Mnyime Bakteria Pa Kushika

Wasee, tukisikia bakteria tunawaza kitu kimoja tu: dawa ya kuua. Lakini historia inaonyesha kuna njia nyingine.

Mwaka wa 1955, J. P. Duguid na wenzake waliangalia E. coli kwa hadubini ya elektroni wakaona imezungukwa na nyuzi nyembamba sana. Zenye nyuzi hizo zilinata kwenye seli za damu. Sawa, lakini kunata ndiko kunaleta ugonjwa?

Jibu lilitoka Uingereza 1972. Jones na Rutter waliwapa watoto wa nguruwe E. coli yenye nyuzi za K88, wakahara vibaya. Waliopewa aina isiyo na K88 hawakuhara. Bakteria walikosa pa kushika kwenye utumbo, wakapitishwa tu. 1973 wakachanja nguruwe majike kwa K88, na kingamwili za kwenye maziwa zikawalinda watoto.

Hakuna aliyeua bakteria hapo, walinyimwa tu mshiko. Na sisi bado tunanunua antibiotiki kemisti kama njugu, bila kupimwa, huku bakteria wakizizoea. Mimi naona utafiti wa kuzuia mshiko unastahili pesa zaidi. Nyinyi je?