Muiri: Mti Uliochunwa Ngozi, na Kwa Nini DNA Yake Ni Stori Yetu

Watu wangu, swali moja kabla hujapita. Ule unga wa dawa za kienyeji unaouzwa kwa vichupa pale steji, nani amewahi kuthibitisha ni wa mti gani?

Muuzaji anasema ni muarobaini. Lebo inasema ni muarobaini. Lakini kuna mti mwingine, melia, unaofanana nao hadi watu wengi wanauchanganya, na matunda yake ni sumu kwa binadamu. Ukiwa na tawi mkononi unaweza kutofautisha: jani la muarobaini limegawanyika mara moja, la melia limegawanyika mara mbili. Ukishasaga, hiyo tofauti imeenda. Macho hayasaidii tena.

Sasa weka hilo swali hapo kando kidogo, nikupeleke mlimani.

Mti unaojulikana na kila mtu isipokuwa sisi

Kuna mti unaitwa muiri kwa Kikuyu. Wakalenjin wanauita tendwet. Kwa vitabu vya sayansi ni Prunus africana. Unamea kwenye misitu ya milima ya Afrika, kuanzia Cameroon hadi Ethiopia, Kenya, Uganda, Tanzania, kuteremka hadi Afrika Kusini na kuvuka maji hadi Madagascar. Unaweza kufika mita 30 na zaidi. Ni ndugu wa pichi na plamu, ndio maana ukifikicha majani yake unasikia harufu kama ya lozi. Ndege na nyani wanakula matunda yake. Wazee wetu walitumia gome lake kwa maumivu ya tumbo, homa na kifua, na mbao zake ngumu kwa mipini na kuni.

Hiyo ndiyo stori kwa upande wetu. Sasa sikia upande ule mwingine.

Katika miaka ya 1860, Gustav Mann, mkusanyaji wa mimea aliyetumwa na bustani ya Kew huko Uingereza, alichukua sampuli kwenye mlima Cameroon. Mti ukapewa jina la Kilatini, Pygeum africanum. Kwa karibu miaka 100 ulikaa hivyo tu, jina kwa kabati. Halafu mwaka 1966, Mfaransa Jacques Debat akapata hataza ya dawa iliyotengenezwa na gome lake, ya kuwasaidia wanaume wenye tezi dume iliyovimba, wale wanaoamka usiku mara tano kwenda haja ndogo. Dawa ikaingia maduka ya Ulaya. Majaribio ya kitabibu yaliyokusanywa baadaye yalionyesha inapunguza hizo dalili kwa kiasi fulani. Si muujiza, lakini si uongo pia.

Na hapo ndipo balaa ilianza. Dawa inatoka kwa gome, na gome ni kama ngozi ya mti. Ndani yake ndiko chakula kinapita kutoka majani kwenda mizizi. Ukichuna vipande viwili vinavyotazamana na kuacha vingine, halafu ungoje miaka kadhaa, mti unaweza kupona. Ukichuna kuzunguka shina lote, umeua. Na mtu anayelipwa kwa kilo, manze, hatangoja miaka kadhaa. Wengine walikata mti mzima ili wafikie gome la juu.

Cameroon iliumia zaidi. Madagascar pia. Kenya nayo ilikuwa kwenye orodha ya wanaouza nje. Mwaka 1995 mti huu ukawekwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, maana yake huwezi kuuza gome lake nje ya nchi bila kibali kinachoonyesha kwamba uvunaji hauangamizi mti. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukasimamisha kununua kutoka Cameroon.

Sasa fikiria wewe ni afisa wa forodha. Unafungua gunia. Ndani ni vipande vya gome vilivyokauka, au unga. Karatasi inasema ni gome la mti mwingine usio na masharti. Utajuaje?

Hapa ndipo DNA inaingia

Kila chembe hai ya mmea ina DNA. Ndani ya zile sehemu za kijani za jani, kloroplasti, kuna DNA yake pia, na kuna vipande vyake ambavyo havibadiliki sana ndani ya spishi moja lakini vinatofautiana kati ya spishi na spishi. Mwaka 2003 mwanasayansi Paul Hebert wa Canada alipendekeza kutumia kipande kifupi kama hicho kutambua wanyama, jinsi duka linavyosoma ile mistari myeusi kwenye pakiti ya unga. Kipande alichotumia hakikufaa mimea, kwa sababu kwa mimea kinabadilika polepole sana. Mwaka 2009 wanasayansi wakakubaliana juu ya vipande viwili vya mimea, vinavyoitwa rbcL na matK.

Kwa hivyo unachukua gome, unatoa DNA, unasoma herufi za vile vipande, halafu unalinganisha na maktaba. Inakuambia: hii ni Prunus africana. Au: hapana, umedanganywa.

Lakini usiamini kila mtu anayekuambia DNA inamaliza kila kitu. Kuna mambo mawili.

La kwanza, dawa iliyochemshwa na kuchujwa sana mara nyingi haina DNA ya kutosha kusomeka. Mwaka 2015 huko New York mwanasheria mkuu wa jimbo alishtua maduka makubwa akisema vidonge vya mitishamba havikuwa na mimea iliyoandikwa kwa lebo. Wataalamu wengi wakamjibu kwamba kipimo cha DNA pekee hakifai kwa dawa iliyochujwa. Kutopata DNA si sawa na kutokuwepo kwa dawa. Hapo unahitaji vipimo vya kemia pia.

La pili ndilo naona watu wanasahau: maktaba. DNA ni swali tu. Jibu linatoka kwa sampuli ambayo mtu aliitambua kwa uhakika zamani, akaikausha, akaibandika kwa karatasi, akaandika ilitoka wapi, lini, na wenyeji wanaiitaje.

Na hiyo maktaba iko hapa Nairobi. Inaitwa East African Herbarium, iko pale Makumbusho ya Taifa. Ilianzia Amani, Tanzania, wakati wa Wajerumani, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Mwaka 1976 Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha kitabu cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, chenye majina ya kienyeji na matumizi. Hiyo kazi haikufanywa na mashine. Ilifanywa na watu waliokaa na wazee wakauliza, "Huu mnauitaje? Mnautumia aje?"

Kwa hivyo mtu akikuambia ati sayansi imekuja kuchukua nafasi ya nyanya yako na mizizi yake, mwambie ameshika fimbo vibaya. DNA inajua mti ni nani. Nyanya ndiye anajua mti ni wa nini. Mmoja akikosekana, mwingine anabaki na nusu ya sentensi.

Miti inakumbuka barafu

Kujua jina la mti ni hatua ya kwanza tu. Kazi kubwa zaidi ya jenetiki ni kuulinda, na hii sehemu ndiyo ilinimaliza kabisa.

Wanasayansi, wakiwemo wa kituo cha utafiti wa miti cha ICRAF pale Gigiri, walilinganisha DNA ya miti ya muiri kutoka nchi nyingi za Afrika. Ungetarajia miti ya Uganda ifanane zaidi na ya Kenya, si ni majirani? Walipata kwamba ya magharibi mwa Uganda ina undugu wa karibu na ya Cameroon, maelfu ya kilomita kutoka hapo. Na Bonde la Ufa letu ni kama ukuta: miti ya upande wa mashariki na ya upande wa magharibi imeachana kwa muda mrefu sana.

Kwa nini? Huu mti unapenda baridi ya milimani. Zamani, dunia ilipokuwa na baridi zaidi, misitu ya aina hii iliweza kuteremka chini na kuunganisha milima ya mashariki na ya magharibi. Joto liliporudi, ikapanda tena juu, ikabaki visiwa visiwa vya kijani. Kila kisiwa kikaendelea na maisha yake. Hata kiwango cha viambato vya dawa ndani ya gome kinatofautiana toka sehemu moja hadi nyingine.

Hii si stori ya kujifurahisha tu. Inamaanisha kwamba ukimaliza muiri wa msitu mmoja, huwezi kusema "si kuna mingine kule ng'ambo." Ile ya ng'ambo si sawa. Umefuta ukurasa ambao hauna nakala. Na ukitaka kupanda upya, mbegu za upande mmoja wa Bonde la Ufa usizimwage ovyo upande wa pili.

Tena kuna shida nyingine. Mbegu za mahindi unaweza kuzikausha na kuziweka kwa baridi miaka mingi. Benki yetu ya mbegu iko Muguga na inafanya hivyo tangu 1988. Mbegu za muiri hazivumilii hivyo, zinakufa haraka. Benki yake halisi ni mti uliosimama. Ukikatwa, akaunti imefungwa.

Na si muiri peke yake. Muthiga, ule wa gome kali kama pilipili ambao watu wanatafuna kwa kikohozi, unachunwa vilevile, na kwa miaka mingi ulichanganywa na ndugu yake wa kusini mwa Afrika hata kwenye maandishi ya kitaalamu. Msandali unang'olewa na mizizi. Serikali iliupiga marufuku mwaka 2007, na CITES ikauweka kwenye orodha mwaka 2013, lakini habari za lori kukamatwa nao bado tunazisoma.

Basi tufanye nini?

Maoni yangu ni haya. Mara ya kwanza, walichukua gome, na dawa ikawa na hataza Ulaya. Mara ya pili hawatahitaji gunia. DNA ikishasomwa inakuwa herufi kwa kompyuta, na herufi hazipiti forodha. Kwa hivyo swali la nani anamiliki nini ni la sasa hivi, si la kungoja.

Sheria tunazo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 69, inaiambia serikali ilinde rasilimali za kijenetiki na ujuzi wa jamii kuhusu viumbe. Itifaki ya Nagoya, inayosema anayetumia rasilimali hizo agawane faida na wenyewe, ilianza kufanya kazi 2014 na Kenya imo. Mwaka 2016 tukapitisha sheria ya kulinda ujuzi wa jadi. Karatasi ziko. Kinachokosekana ni watu wa kuziuliza maswali.

Na hao ni sisi. Kama unasoma baiolojia na unafikiri kazi ni udaktari pekee, jua kuna maabara za DNA Kabete, kuna sampuli pale Makumbusho zinazongoja mtu, kuna misitu yenye miti isiyosomwa bado. Kama uko na nyanya au babu anayejua miti, rekodi sauti yake wikendi hii: jina la mti kwa lugha yake, unamea wapi, unatumika aje. Muombe ruhusa kwanza, na usimwage yote mtandaoni. Huo ujuzi ni wa jamii yenu. Na kama unanunua dawa ya unga, uliza ilitoka wapi na nani aliitambua. Muuzaji akikosa jibu, hifadhi pesa zako, uende hospitali.

Muiri ulivuka enzi ya barafu. Kilichokaribia kuumaliza ni miaka kama 30 ya biashara ambayo hakuna aliyeiuliza maswali.